Ilipoanguka Ndipo Tulipompigia

Alikuwa hapendi kuitwa mama. Ukimwita mama anakuuliza, "Nimekuzaa lini?" na hapo hatanii. Bibi ndiyo kabisa, usithubutu. Sisi pale ofisini tulimwita Mwalimu, ingawa hajawahi kusimama mbele ya ubao hata siku moja. Maisha yake ya kazi aliyamalizia Dar, kwenye chumba cha kompyuta cha ofisi moja kubwa, akiandika programu kwa lugha ya C kwenye mashine za Unix, mpaka alipostaafu akarudi huku na kupanga nyumba ndogo Same mjini, nyuma ya barabara kuu, pale ambapo upepo unapiga mabati mchana kutwa. Ualimu tulimpa wenyewe, kwa sababu hakuna mtu aliyekaa naye kidogo asifundishwe kitu, atake asitake.

Mimi nilikutana naye kwa sababu ya maji. Ofisi yetu ni ndogo, inagawa maji ya mfereji unaoshuka kutoka milimani hadi mashamba ya tambarare. Zamani wazee walikuwa na ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji, na mtu wao wa kutangaza zamu: leo maji ya fulani, kesho ya fulani. Ndiva bado zipo, ila siku hizi zamu zinapangwa na kompyuta. Kule banioni, mfereji unapoanzia, kuna kipimo kinachosoma wingi wa maji na kutuma habari ofisini. Programu inapokea, inaangalia ni zamu ya kaya gani, inafungua mlango wa chuma wa shamba hilo, na muda ukiisha inaufunga. Programu yenyewe aliiandika Mwalimu aliporudi kutoka Dar, kwa kupenda mwenyewe. Mimi niliajiriwa baadaye kuitunza, na yeye akawa mtu wa kupigiwa simu inaponishinda.

Na ilinishinda, tusidanganyane. Inakaa vizuri hadi unaisahau, halafu siku hiyo puu, imeanguka. Kwenye kioo yanabaki maneno mawili tu, segmentation fault, ambayo mtu wa kazi hii akiyaona anajua siku imeharibika. Maana yake programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, na Unix, mfumo unaoiendesha kompyuta yenyewe, imeiua papo hapo bila kuuliza. Milango ya mashambani inabaki ilivyokuwa. Huyu shamba linafurika, yule nyanya zinakauka, na wote wawili wako mlangoni kwetu kabla hatujafungua madirisha. Wapare wanasifika kwa kupenda kesi. Mimi ni binti wa muuza duka hapahapa Same, sisi wa msikitini na wa sokoni, nimekua nao, kwa hiyo nawasema nitakavyo: asubuhi za namna hiyo ofisi yetu ilikuwa mahakama.

Basi anapigiwa Mwalimu. Simu yake haikuwahi kuita mara ya pili.

"Imeanguka?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Imeanguka?"

"Imeanguka."

"Usiguse kitu. Nakuja."

Anakuja amevaa kama anakwenda kumbariki mtoto kanisani. Gauni la kitenge limenyooshwa pasi, sweta juu yake hata kama joto la Same linatoa watu jasho puani, pochi nyeusi kwapani. Anatukaripia kuanzia mlangoni. Kwa nini madirisha hayajafutwa vumbi? Nani kaweka kikombe juu ya mashine? Anaiwasha programu, anaangalia zamu, milango inaanza kutii, wakulima wanaondoka wakinung'unika. Kazi imekwisha, lakini yeye haondoki. Anaomba chai ya tangawizi, anaonja, anasema tangawizi hii ni ya kudanganyia wagonjwa, anakunywa yote. Anauliza mtoto wa mhasibu amepona, mlinzi amepata kiwanja, dada yangu ameolewa au bado anachagua. Tunafunga ofisi bado amekaa pale kwenye kiti cha karibu na dirisha.

Katibu wetu, ndiye mkuu wa ofisi, mtu wa maneno mengi ambaye roho yake si mbaya, aliniambia siku moja, "Huyu Mwalimu wenu anafurahi ikianguka."

Nikamwambia, "Katibu, kula chapati yako."

Lakini na mimi nilishaona. Alikuwa anafoka huku uso unang'aa. Hakuna mtu mwingine mjini Same aliyekuwa na sababu ya kuibonyeza namba yake. Programu ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa ndani, na siku ikiondolewa angebaki na mabati yake na upepo. Yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na hatukuwahi kulizungumza.

Alikuwa na mambo yake. Ile panya ya kompyuta hakuigusa. Aliisukuma pembeni kwa mgongo wa mkono na kufanya kila kitu kwa kuandika. Alisoma programu kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, akitingisha kichwa mahali palipompendeza, hata kama palikuwa pake mwenyewe. Majina yote humo aliyaweka ya Kiswahili: kaya, zamu, mlango, banio. Kijana mmoja wa wilayani alimuuliza kwa nini hakutumia Kiingereza kama wengine.

"Kwani maji yenu yanaongea Kiingereza?" akamjibu. Yule kijana hakurudi tena na swali lolote.

Kilichomkera kuliko vyote ni kitu kufunguliwa kisha kikaachwa. Umefungua bomba, funga. Umefungua faili, funga. Mfuniko wa sukari, geti, mabano kwenye mstari wa programu, kwake yote hayo yalikuwa dhambi ya daraja moja. Nilimwalika nyumbani sikukuu ya Idi. Tumekaa kwenye mkeka, biriani liko mbele, shangazi yangu anasimulia habari tamu kweli ya jirani aliyefumaniwa, Mwalimu akainuka katikati, akatoka nje. Tukadhani kakasirika kwa sababu ya maneno ya shangazi. Kumbe bomba la uani lilikuwa linadondoka. Akalikaza, akarudi, akakaa, "Enhe, wakamkuta wapi?"

Na mtu huyohuyo, jamani, ndiye aliyekuwa haongei jambo la moyoni mwake akalifikisha mwisho. Ungemsikia, "Mama yangu alikuwa na tabia moja..." halafu kimya. Unasubiri. "Hebu washa hiyo mashine," anasema. Sikupata kuijua ile tabia moja. Nyumbani kwake kulikuwa na fulana ya sufu kwenye sindano zake za kufumia, mgongo umekamilika, mikono hakuna, na kila nilipokwenda ilikuwa palepale. Kanisani kwao, Walutheri, alikaa benchi la nyuma kabisa na kutoka wakati wengine wanaimba wimbo wa mwisho. Nilimuuliza anakimbilia wapi.

"Nje pale watu wanasalimiana," akasema.

"Sasa si vizuri?"

"Wanauliza nakaa na nani."



Jinsi programu ile ilivyojikinga na mabaya alinifundisha mwenyewe, na hapa nivumiliwe kidogo, maana bila hili hakuna linaloeleweka. Lugha ya C haina utaratibu wake wa kudaka ajali. Kitu kikiharibika katikati ya kazi, shauri yako. Mwalimu akajitengenezea utaratibu wake, akaupa maneno matatu: JARIBU, DAKA, MWISHO. Unapoandika JARIBU, programu inaweka alama ya pale ilipo. Alama hiyo inapachikwa juu ya rundo la alama nyingine. Likitokea baya, kwa mfano kipimo cha banioni kimejaa tope hakijibu, programu inaruka moja kwa moja hadi kwenye alama iliyo juu ya rundo, inaingia DAKA, inatuliza mambo, inaendelea. Na ukifika MWISHO salama, alama yako inaondolewa kwenye rundo. Ndani yake kulikuwa na setjmp ya kuweka alama na longjmp ya kuirukia, vitu vya Unix vya siku nyingi, alivyoviheshimu kama watu wengine wanavyomheshimu mchungaji.

"Sharti ni moja," aliniambia. "Ukiingia JARIBU, utoke kupitia MWISHO. Usitokee dirishani."

Kiangazi kimoja programu ilianguka, tukaiwasha, haikupita muda ikaanguka tena. Kiangazi ni vitunguu na nyanya, hakuna masihara. Mkulima mmoja wa kike, mjane, alisimama mbele ya meza yangu na mche wa nyanya mkononi umekauka kama karatasi, akauweka juu ya meza akaenda zake. Wallahi bora angenitukana.

Katibu akaleta vijana wawili kutoka Dar na mfumo wao mpya, unaonekana kwenye simu, una rangi za kupendeza. Akamwambia Mwalimu mbele yetu wote, kwa adabu lakini kwa kumaliza, "Mwalimu, tunakushukuru sana. Ila kwenye mkutano wa wakulima nitapendekeza tuiondoe."

Mwalimu akauliza, "Mkutano ni lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Nipeni mpaka Jumamosi."

Alipotoka nilimfuata nje. Alikuwa amesimama juani, pochi ameikumbatia. Akaniuliza bila kunitazama, "Wakiitoa, mimi nitakuwa nakuja hapa kufanya nini?"

Nilitaka kumwambia aje tu, aje anywe chai, kuna kosa gani. Nikaacha, kwa sababu nilijua asingekuja. Alikuwa mtu asiyeweza kubisha hodi bila kazi mkononi.

Kuanzia siku iliyofuata akawa anafika kabla mlinzi hajafungua geti. Tuliweka nakala ya programu kwenye mashine ya pembeni ili ile ya kazi isisumbuliwe. Unix ikiua programu huwa inaweza kukuachia faili la core, yaani kumbukumbu yote ya programu ilivyokuwa dakika ya kufa, na kuna chombo kinaitwa gdb cha kulifungulia. Unakiuliza, programu ilikuwa imefika wapi, na aliyeiita ni nani, na aliyemwita huyo ni nani. Kwa kawaida inakujibu kwa mpangilio, jina chini ya jina. Yetu ilijibu alama za kuuliza. Mstari baada ya mstari, alama za kuuliza.

"Haijui ilikotoka," nikasema.

"Imerukia mahali ambapo hapapo," akasema Mwalimu. "Alama ya juu ya rundo ni ya kazi iliyokwisha zamani. Ni sawa na wewe kurudi chumba ulichopanga, ufunguo unao, unaingia unakuta watu wengine wamelala na masufuria yao. Unajilaza juu yao. Lazima kelele."

Kwa hiyo tulijua imekufaje. Tusilolijua ni nani aliyeacha alama yake kwenye rundo akaondoka. Kila JARIBU tuliikagua kama ina MWISHO wake, zote zilikuwa nao. Miaka yote watu walilaumu kipimo, kwa sababu kila ilipoanguka kipimo kilikuwa hakijajibu. Tulishabadilisha waya, tukabadilisha kipimo chenyewe. Lakini kipimo kilikuwa kinanyamaza mara nyingi tu, na programu inadaka vizuri, inaendelea. Siku nyingine haidaki, inakufa. Tope lilelile, waya uleule.

Mwalimu akaacha kuandika. "Kabla haijaanguka juzi, hapa ofisini kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Nilipita kuleta ule waya, sikukukuta."

"Nilikuwa msibani. Yule mzee wa shamba la mwisho."

"Shamba la mwisho la huu mfereji?"

"La huu huu."

"Na ilipoanguka mara ile nyingine?"

Nikafikiri. Mlinzi akadakia kutoka mlangoni, alikuwa anasikiliza muda wote. "Siku zile si ndiyo tulimzika mke wa yule bwana wa vitunguu? Katibu alishinda huko."

Mwalimu akavua miwani. Kwenye mfereji wetu kuna desturi: kaya ikifiwa, zamu yao haipewi mtu mwingine. Maji yao yanabaki kwenye ndiva mpaka watoke kwenye matanga, na majirani ndio wanaokuja kuwamwagilia mashamba. Programu mwanzoni haikujua hilo. Ikagawa zamu ya wafiwa kwa mtu mwingine, ikazuka vita hadi mazishi yakasahaulika, na katibu wa wakati ule akamwomba Mwalimu aongeze. Akaongeza. Kama kaya ina msiba, iache.

Akaufungua ukurasa wa zamu. Akashuka taratibu na kidole kwenye kioo, kitu ambacho sisi wengine akituona tunafanya anatugombeza. JARIBU ilikuwa juu. MWISHO ilikuwa chini. Katikati, mstari mmoja mfupi: kukiwa na msiba, toka kwenye kazi hii, rudi ulikotoka. Mstari ule ulitoka kweli, ila kabla ya kufika MWISHO. Alama ikabaki juu ya rundo ikielekeza mahali palipokwisha kubomolewa, na siku kipimo kikijaa tope baada ya hapo, programu nzima inarukia humo.

"Katokea dirishani," nikasema.

"Nimetokea," akasema. "Ni mimi."

Nikadhani ile kawaida yake imemrudia, atasema washa mashine. Hakusema. Siku hiyo alifika mwisho. Akasimulia kwamba mstari ule alikuwa anauandika pale kwake Same, ameufikisha hapo, simu ikaita kutoka Myamba, kwao milimani, mama yake amefariki. Akahifadhi faili, akasimama, akaondoka. Aliporudi kutoka kuzika, programu ilikuwa inafanya kazi na kila mtu anashukuru, hakuiangalia tena.

"Lakini ningemaliza hata hivyo nisingeandika tofauti," akasema. "Huku kwetu habari ya msiba ikikufika unamaliza ulichoshika? Jembe unaliacha shambani. Sufuria unaiacha motoni. Mtu anayebaki kufunga funga, tunamwona hana utu. Nikaiandika programu tulivyo sisi. Kuna msiba, ondoka."

Machozi yalinitoka, sioni haya. Mlinzi akajifanya anaangalia geti.

Bado ilibidi kuthibitisha. Kwenye ile nakala ya pembeni tulihitaji kuandika kaya moja ina msiba, kisha tuchomoe kipimo. Sasa nani aandike? Nilishika kibodi, nikaangalia orodha ya kaya, watu wote hai, wengine wamepita dirishani asubuhi hiyo wakanisalimia. Mlinzi akasema yeye hayupo, huo ni uchuro mtupu. Mimi na diploma yangu vidole vikagoma vilevile.

"Weka jina langu," Mwalimu akasema.

"Hee! Mwalimu!"

"Weka. Mimi simo humo hata hivyo, ongeza kaya mpya."

Nikaongeza. Mtu mmoja, shamba hakuna. Nikaandika ana msiba. Programu ikapita juu yake kimya, ikaenda kaya inayofuata. Tukachomoa kipimo. Puu. Yale maneno mawili. Mwalimu akapiga makofi kama mtoto aliyeona treni.

Kurekebisha kulikuwa jambo dogo la aibu: swali la msiba liulizwe kabla ya JARIBU, si ndani yake. Ameshaweka vidole, mimi ikanitoka, "Mwalimu, ukilifunga hili hawatakupigia tena."

"Kwa hiyo nisilifunge?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Hakukasirika. Nilimwona kabisa anapima. "Yule mjane wa nyanya nitamwambia nini? Kwamba nilitaka chai?"

Akausogeza ule mstari juu. Tukajaribu tena, msiba, kipimo, na programu ikadaka, ikatulia, ikaendelea kugawa. Akaniambia niifute ile kaya yake ya majaribio. Nikamwambia niiache tu, haidhuru kitu.

"Sina shamba," akasema. "Humo wanakaa wenye mashamba." Akaifuta mwenyewe.

Kwenye mkutano alisimama na sweta lake, akawaambia wakulima kwamba kosa lilikuwa lake, si la tope wala la kipimo wala la binti wa ofisini, akaeleza limetokana na nini. Kilio cha chinichini kikapita kwa wanawake aliposema habari ya simu kutoka Myamba. Halafu bibi mmoja wa mbele akawageukia wale vijana wa Dar. "Huo wenu unajua msiba?"

"Tunaweza kuuongeza, bibi," akajibu mmoja.

"Mtauongeza, au unaujua?"

Watu wakacheka, na Katibu, ambaye anajua upepo unakoelekea, akafunga hoja. Programu ikabaki. Mwalimu akapeana mikono na watu wengi kuliko nilivyowahi kumwona akipeana. Nilifurahi siku ile kuliko yeye.

Baada ya hapo haikuanguka. Tope likaja, misiba ikaja, ikawa inapita vizuri tu. Kiti cha dirishani Katibu akakiwekea mafaili. Nilikuwa nampigia Mwalimu mara mojamoja kumsalimia, anapokea kabla haijaita vizuri, "Imeanguka?" Namwambia hapana, nakujulia hali tu. "Ah. Haya, mimi mzima," anasema, na simu imekatwa. Hakuwa na kiburi. Hakujua simu isiyo na kazi inazungumzwaje. Halafu ukaja ujumbe: amepanda kwao Myamba, ufunguo amemwachia mwenye nyumba, nisisahau kufanya nakala za programu. Nilipita pale nyuma ya barabara kuu, nikakuta kijana anauza makava ya simu amehamia, mlango uko wazi, redio inapiga kelele. Nilijisikia vibaya wiki nzima.

Ofisini kwetu ruhusa ya kupanda mlimani siku ya kazi inatolewa haraka ukisema una msiba. Ukisema una mgonjwa, utaulizwa mgonjwa gani. Ukisema unakwenda kumwona mtu tu, utaulizwa Jumamosi ina nini. Mimi Jumatano moja sikuomba. Niliamka, nikapanda gari la Myamba na sukari na mkate kwenye kikapu.

Juu kule baridi ilinipokea vibaya. Nilimkuta kwenye tangawizi yake nyuma ya nyumba ya mama yake, amepungua, sweta limemzidi. Aliponiona akaliachia jembe.

"Imeanguka?"

"Haijaanguka. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini basi?"

"Hakuna kitu."

"Umetoka Same mpaka huku kwa hakuna kitu?"

"Ndiyo."

"Mwe!" akasema, akabaki amesimama. Aliangalia kikapu, akaangalia viatu vyangu vilivyojaa udongo, akaangalia njia niliyojia kama anayetafuta mtu mwingine aliyebeba habari yenyewe. Kisha akageuka haraka kuelekea jikoni, akasema makande yapo, yanataka kupashwa tu.

Tulikaa jikoni karibu na moto. Aliniuliza habari za wote, mmoja mmoja, na dada yangu. Nikamuuliza na yeye. Akakoroga chungu.

"Huku wanaopita ni wengi," akasema. "Mmoja ana kadi ya harusi, mwingine ana mchango wa kanisa, mwingine anauliza kama nauza tangawizi. Wote watu wazuri. Wakishasema lililowaleta wanasimama." Akaonja chumvi. "Hata mimi niko hivyohivyo. Sijui nilidhani watu wengine wanaishije."

"Mimi sisimami," nikamwambia. "Gari la kurudi ni jioni. Na nimekukumbuka, Mwalimu, hilo ndilo lililonileta, kama unataka lazima liwepo la kunileta."

Akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akasingizia moshi, na mimi nikausingizia naye.

Ndipo simu yangu ikaita. Katibu, anapiga kelele, wanatafuta ufunguo wa stoo, hakuna anayejua niko wapi.

"Niko Myamba," nikasema.

"Myamba! Siku ya kazi?" Sauti yake ikashuka ghafla, ikawa ya adabu. "Pole sana. Nani amefariki?"

Mwalimu alikuwa ameinama, anapakua, anachagua maharage mengi kuyaweka upande wangu.

"Hajafa mtu, Katibu," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja leo."

Nikaizima simu, nikanawa mikono.